Maswali ya Wasomaji: Jina Gladys, Maana Yake na Safari Yake

SWALI: Mhariri mpendwa, nimejaliwa mtoto wa kike, na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Mama mkwe wangu alibatizwa Gladys, nami nilifurahi sana kumpa mwanangu jina hilo. Mwinjilisti wetu alituambia kwamba Gladys maana yake ni furaha. Baadaye shemeji yangu anayesoma ng'ambo alipiga simu akasema kwamba hiyo si kweli, kwamba amesoma mahali kuwa maana yake ni kiwete, na kwamba si vizuri kumtwika mtoto jina la namna hiyo. Tangu siku hiyo mume wangu anasitasita kwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa, na mama mkwe amenyamaza kama mtu aliyeumia. Tafadhali tuambieni ukweli. (Mama wa mtoto, Nyeri)

JIBU: Hongera, dada, kwa kujaliwa binti, na tafadhali mfikishie bibi yake salamu zetu za heshima. Gladys si furaha, wala si kiwete. Ni jina la Kiwelisi, yaani lugha ya wenyeji wa Wales, nchi ya milima na mabonde iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, na kwa asili huandikwa Gwladys, au Gwladus katika maandiko ya zamani. Wataalamu wengi hulihusisha na neno gwlad, ambalo maana yake ni nchi au taifa. Neno hilo Wawelisi hulitamka kila wanaposimama kuimba wimbo wao wa taifa, uliotungwa mwaka 1856 katika mji wa Pontypridd na baba na mwanawe, Evan James na James James, kwa kuwa ubeti wake wa kwanza unaanza kwa kuitaja nchi ya kale ya baba zao. Katika ukoo huohuo wa maneno limo gwledig, cheo walichopewa baadhi ya watawala wa zamani wa Wales. Mwanao, basi, atakuwa na jina linalogusa nchi na utawala.

Mwinjilisti wenu tusimlaumu. Kiingereza kinalo neno glad, lenye maana ya kufurahi, na nchini Tanzania wako akina mama na mabinti wengi waitwao Gladness, jina ambalo kweli limetokana na neno hilo. Gladys na Gladness ni kama watu wawili waliofanana sura bila kuwa na undugu. Jina la Kiwelisi lilikuwako katika karne ambazo Wawelisi wa kawaida hawakujua Kiingereza hata kidogo.

Habari ya ukiwete inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu shemeji yako hakuibuni. Imechapishwa katika vitabu vingi vya majina, na kila kitabu hunakili kingine. Inaanzia katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya nne, mstari wa 21, ambapo Mtume Paulo anafikisha salamu za waumini wa Roma, na miongoni mwao wametajwa Pude, ambaye kwa Kilatini ni Pudens, na Klaudia. Katika karne hiyohiyo ya kwanza, mshairi wa Kirumi aitwaye Martial aliandika juu ya mwanamke mmoja Claudia aliyeolewa na mtu aitwaye Pudens, na katika shairi jingine akamsifu Claudia Rufina, mwanamke mwenye asili ya Britania aliyekuwa na adabu za Kirumi kamili. Karne nyingi baadaye wasomi wa Uingereza waliopenda kuipa nchi yao mizizi mirefu ya Kikristo waliwaunganisha wanawake hao wote wakawafanya mmoja, wakasema kwamba alikuwa binti wa Caradog, yule mfalme wa Britania aliyepigana na Warumi akatekwa na kupelekwa Roma, na kwamba kabla ya kupewa jina la Kirumi alikuwa akiitwa Gwladys. Hapo ndipo Gladys na Claudia walipofungwa pamoja. Na kwa kuwa jina la ukoo wa akina Claudius linadhaniwa kutokana na neno la Kilatini claudus, yaani mtu anayechechemea, vitabu vikamalizia kwa kusema kwamba Gladys naye ni kiwete.

Mnyororo huo ni dhaifu karibu katika kila pete yake. Majina Klaudia na Pudens yalikuwa ya kawaida mno Roma, kwa hiyo kukutana kwake katika waraka na katika shairi hakuthibitishi kwamba watu ni walewale. Wala hakuna andiko la wakati huo linalomtaja mwanamke yeyote aitwaye Gwladys katika nyumba ya Caradog. Sauti zenyewe pia zinakataa, kwa maana maneno ya Kilatini yaliyoingia Kiwelisi yakianza na Cl huendelea kuanza na Cl. Hayageuki yakaanza na Gwl. Hata tukijalia kwamba Klaudia ndiye Gwladys, bado hoja ya ukiwete haisimami, kwa sababu wakati wa Paulo Klaudia lilikuwa jina la mojawapo ya koo kubwa kabisa za Roma, ukoo uliotoa watawala, na aliyeitwa hivyo alifahamika kwa ukoo wake. Mume wako anaweza kwenda kwa msajili bila wasiwasi.

Ili mama mkwe wako naye apate la kusimulia, nitakutajia wanawake watatu waliolibeba jina hilo zamani, maana ni jina lenye historia nzito.

Wa kwanza ni Mtakatifu Gwladys, ambaye mapokeo yanamweka kati ya karne ya tano na ya sita. Alikuwa binti wa Brychan, mfalme wa Brycheiniog, katika milima ya kusini mwa Wales. Habari zake zinapatikana katika kitabu cha maisha ya mwanawe, Mtakatifu Cadog, kilichoandikwa kwa Kilatini na Lifris wa Llancarfan karibu na mwisho wa karne ya 11. Humo inasimuliwa kwamba Gwynllyw, mfalme wa jirani, alituma posa kwa Brychan, wajumbe wakafukuzwa kwa dharau, naye akaondoka na watu 300 wakamkuta binti ameketi na dada zake mbele ya mlango wa chumba chake, wakamtwaa wakaondoka naye mbio. Baba akafuata na jeshi, watu wengi wakafa njiani. Mlimani walikuwa wameketi Arthur, yule mfalme wa hadithi, na wenzake Cei na Bedwyr, wakicheza kamari. Arthur alipomwona msichana alimtamani, na rafiki zake ndio waliomkemea wakimkumbusha kwamba desturi yao ni kuwasaidia walio taabuni. Tunapaswa kukumbuka kwamba mwandishi aliishi miaka mia kadhaa baada ya wahusika, kwa hiyo hatuwezi kuisoma kama taarifa ya mahakama. Lakini inaonyesha heshima aliyokuwa nayo mama huyo, ambaye mapokeo yanasema kwamba uzeeni yeye na mumewe waliacha maisha ya fahari wakaishi kwa sala na kufunga. Kanisa la mji wa Bargoed linaitwa kwa jina lake hadi leo, na kanisa kuu la Newport ni la mumewe Gwynllyw.

Wa pili ni Gwladus Ddu, yaani Gwladus Mweusi, aliyeitwa hivyo, inavyodhaniwa, kwa sababu ya nywele na macho yake. Alikuwa binti wa Llywelyn Mkuu, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa Wales ya karne ya 13, na alifariki mwaka 1251. Aliolewa kwanza na Reginald de Braose, kisha na Ralph de Mortimer, na kupitia uzao wa ndoa hiyo ya pili alikuja kuzaliwa, baada ya vizazi kadhaa, Edward wa Nne, mfalme wa Uingereza. Wa tatu ni Gwladys binti Dafydd Gam, ambaye baba yake na mume wake wa kwanza waliuawa wote wawili katika vita vya Agincourt mwaka 1415. Aliolewa tena na William ap Thomas, bwana wa ngome ya Raglan, na mshairi Lewys Glyn Cothi akamwita Nyota ya Abergavenny. Alifariki mwaka 1454. Sanamu yake imelazwa ubavuni mwa sanamu ya mumewe juu ya kaburi katika kanisa la Mtakatifu Maria la mji huo, na wageni huenda kuitazama.

Kuhusu cheti, andikeni Gladys kama lilivyo katika kitambulisho cha bibi, ili majina ya wajina hao wawili yasije yakatofautiana katika hati. Anayeliandika Gladis hajakosea matamshi, kwa kuwa herufi y katika silabi hiyo ya mwisho Wawelisi nao huitamka karibu na i yetu. Lakini hati za serikali hazisomi matamshi.

SWALI: Nina shangazi anayeishi Birmingham ambaye huniambia kwamba huko Uingereza jina langu, Gladys, ni la vikongwe, na kwamba nikienda kumtembelea watu watashangaa kumwona Gladys mwenye umri wa miaka 20. Hapa Mwanza tulikuwa watatu darasani. Ilikuwaje jina likazeeka kule na huku likabaki kijana? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Shangazi yako anasema kweli kuhusu Uingereza. Kwa karne nyingi Gladys lilikaa ndani ya mipaka ya Wales tu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Waingereza waliingiwa na mapenzi ya mambo ya kale ya Kiselti, yaani ya Wawelisi na jamii za ukoo wao, na waandishi wa riwaya za mapenzi wakaanza kuwapa wahusika wao majina ya Kiwelisi. Riwaya moja ya mwaka 1870 ya mwandishi aliyejulikana kwa jina la Ouida hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyolitoa Gladys mlangoni. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa miongoni mwa majina 20 yaliyopendwa zaidi kwa watoto wa kike, Uingereza na Marekani pia. Ukitazama miaka ya kuzaliwa ya akina Gladys mashuhuri utaliona wimbi lenyewe: Gladys Aylward, mmisionari wa London aliyewavusha watoto wapatao 100 milimani nchini China wakati wa vita mwaka 1940, alizaliwa 1902, mama yake Elvis Presley, aliyeitwa Gladys, alizaliwa 1912, Gladys West, mwanahisabati Mmarekani mweusi ambaye hesabu zake za umbo la dunia zilichangia mfumo wa kutambua mahali kwa setilaiti, alizaliwa 1930, na mwimbaji Gladys Knight alizaliwa 1944. Baada ya hapo wimbi lilikupwa haraka, na mwanzoni mwa karne hii jina lilikuwa limetoka hata katika orodha ya majina 1,000 ya Marekani.

Wazungu wengi hawapendi kumpa mtoto jina la kizazi cha mama au cha bibi aliye hai, kwa sababu wanaliona limechakaa. Husubiri hadi kizazi hicho kipite, ndipo jina lionekane jipya tena. Florence, Elsie na Ivy, majina ya wakati uleule, yamekwisha kurudi kwa kishindo nchini Uingereza, lakini Gladys bado linangoja. Wales kwenyewe wazazi wa leo wamegeukia majina mengine ya lugha yao, kama vile Ffion, Cerys na Seren, ambalo maana yake ni nyota.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume, na nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni wakati. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika miaka iliyofuata misheni zilienea bara kwa kasi, pakajengwa shule na mabweni ya wasichana; huo ndio wakati jina Gladys lilipokuwa kwenye kilele chake huko Ulaya. Wasichana wa Kizungu waliobatizwa hivyo walikua, na baadhi yao wakaja huku au wakakulia hukuhuku. Mfano ulio wazi ni Gladys Leakey, binti wa Kasisi Harry Leakey wa misheni ya Kabete na dada yake Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale. Alikulia kati ya Wakikuyu, akaijua lugha yao vizuri, akaolewa na Leonard Beecher, ambaye mwaka 1960 alifanywa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1930 mke na mume walitunga pamoja kamusi ya Kikuyu na Kiingereza. Mabinti waliobatizwa enzi zile walichagua majina waliyoyasikia katika Biblia, na mengine waliyoyasikia kwa walimu na wauguzi wao. Ndiyo maana vijiji vyetu vina akina Mildred, Edith, Beatrice na Gladys.

Sababu ya pili, ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi, ni desturi yetu wenyewe. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto huitwa kwa bibi au babu. Kwa Wakikuyu utaratibu umepangwa: binti wa kwanza ni wa mama yake baba, wa pili ni wa mama yake mama, na mara nyingi jina la ubatizo hufuata lile la ukoo, kama tulivyoona katika barua ya Nyeri. Jina la bibi kwetu ni heshima anayostahili, na mtoto anayelipokea huwa somo wake, huitwa naye kwa utani na kutunzwa kwa namna ya pekee. Gladys aliyebatizwa mwaka 1930 alipata mjukuu Gladys mwaka 1975, na huyo naye sasa ana umri wa kupata mjukuu. Jina lililofika na wageni likaingizwa katika utaratibu uliokuwepo kabla yao, na utaratibu huo ndio uliolihifadhi wakati wageni wenyewe walipolitupa.

Kwa hiyo usione haya utakapokwenda Birmingham. Mwanariadha Gladys Cherono wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mjini Copenhagen mwaka 2014, kisha akashinda marathoni ya Berlin mara tatu, miaka ya 2015, 2017 na 2018, na katika ushindi huo wa mwisho alikimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 11. Gladys Wanga alichaguliwa gavana wa Homa Bay mwaka 2022, na mwaka huohuo Gladys Boss akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa la Kenya. Hakuna hata mmoja kati yao aliye kikongwe.

SWALI: Nilikuwapo Uwanja wa Taifa mwaka 2017 Everton walipocheza na Gor Mahia, na tangu hapo naifuatilia Everton. Jukwaa la mashabiki wao sugu katika uwanja wa Goodison Park liliitwa Gwladys Street. Je, hiyo w ni kosa la uchapaji? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Si kosa. Ndiyo tahajia ya asili tuliyoieleza hapo juu, na jukwaa lilichukua jina la mtaa uliopita nyuma yake. Mji wa Liverpool, ulipo uwanja huo, uko karibu na Wales ya kaskazini, na katika karne ya 19 maelfu ya Wawelisi walihamia huko, wengi wao wakiwa waashi na wajenzi wa nyumba, hivi kwamba sehemu kubwa za mji zilijengwa kwa mikono yao. Karibu kabisa na uwanja huo kuna jambo linalopendeza: wajenzi Owen Elias na mwanawe William Owen Elias waliipanga mitaa yao ya eneo la Walton hivi kwamba herufi za kwanza za majina ya mitaa, kuanzia Oxton, Winslow, Eton na Neston, zikisomwa kwa mfuatano zinaunda majina yao wote wawili. Timu ya wanaume ya Everton ilihama Goodison mwaka 2025, lakini mtaa bado upo na w yake.

SWALI: Mke wangu ni Winfred, na rafiki yetu mmoja anadai kwamba hilo nalo ni la Kiwelisi. Padri wetu anasema ni la Kijerumani. Yupi yuko sahihi? (Msomaji, Machakos)

JIBU: Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Jina la kike, ambalo Tanzania huandikwa zaidi Winifrida, linatokana na Gwenfrewi, mtakatifu wa Wales wa karne ya saba. Sehemu yake ya kwanza, gwen, ina maana ya jeupe au lenye baraka. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa ukoo mkuu aitwaye Caradog, si yule mfalme tuliyemtaja juu, alimtaka kwa nguvu, na alipomkataa akamkata kichwa kwa upanga. Mjomba wake, Mtakatifu Beuno, akakirudisha kichwa mahali pake kwa sala, akawa hai tena, na pale kilipoangukia ikabubujika chemchemi. Mahali hapo ni Holywell, mji ambao Wawelisi wenyewe huuita Treffynnon, na mahujaji huenda huko kuoga hata leo. Mwaka 1138 masalia yake yalihamishiwa Shrewsbury, na ndipo Waingereza wakaanza kumfahamu kwa wingi.

Waingereza walipojaribu kulitamka Gwenfrewi walilivuta kuelekea jina walilolizoea, Winfrith, jina la kiume la Kiingereza cha kale, lugha ya ukoo mmoja na Kijerumani, alilopewa Mtakatifu Bonifasi alipozaliwa, ambalo mara nyingi huelezwa kuwa na maana ya rafiki wa amani. Hapo ndipo hoja ya padri wenu inapopata nguvu. Kenya imelifupisha jina la kike likawa Winfred, bila i ya katikati, tahajia ambayo kwingineko ni ya wanaume. Mfahamishe mkeo jambo hilo ikiwa anapeleka maombi ya chuo au ya viza nje ya nchi, aweke alama ya jinsia mahali panapoonekana, kwa maana mtu asiyemjua huenda akamwandikia barua akimwita bwana. Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya anayeikimbilia Bahrain, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Paris mwaka 2024 akiwa na tahajia hiyohiyo, na sidhani kama kuna aliyekuwa na shaka.